Utukufu wa Mungu una kilo ngapi? (Uzi kwa wasomaji wa Biblia, Moshi na Arusha)

#1 Mizani ya Mbuyuni (mleta uzi)

Wakuu, Bwana Yesu asifiwe. Kwa wasio wa imani hii, habari za jioni.

Mimi ni muuza nafaka soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Maharage, mahindi, mchele, mbaazi kidogo. Kutwa nashinda na mizani, na Jumatano jioni tunasoma Biblia kwenye jumuiya yetu, watu kumi na wawili mvua isiponyesha, watano ikinyesha. Cheti cha theolojia sina. Mengi nimefundishwa na mchungaji mmoja mstaafu anayesoma Kiebrania na anayelipwa kwa kikombe cha chai.

Jumamosi mbili zilizopita shemeji alitualika kwenye mkesha Arusha. Ni wapi na ni huduma ya nani sitasema, na inboksi msinifuate kwa hilo. Watu wamejaa, taa za rangi, kinanda kimeshuka taratibu, mara wingu jeupe likaanza kutambaa jukwaani. Mwenye kipaza sauti akapaza: "Utukufu umeshuka! Pokeaaa!" Watu wakaanguka, wengine wakalia. Mwanangu wa miaka tisa ana pumu. Yeye alipokea kikohozi. Nikambeba mbio mpaka nje, karibu na jenereta, nikampulizia dawa yake. Kijana mmoja akatuletea kiti cha plastiki na chupa ya maji. Mtoto alipotulia ndipo nikaona madumu ya yale maji ya kutengenezea moshi yamepangwa pale ukutani. Mtu wa Moshi nimepanda basi mpaka Arusha kwenda kupigwa moshi.

Sasa nimekuja na swali, na jibu ninalo nusu. Hili neno "utukufu" tunaloliimba kila Jumapili, Biblia inamaanisha nini?

Kiebrania wanasema *kabodi*. Mnalijua tayari, limo ndani ya jina Ikabodi, yule mtoto wa 1 Samweli 4. Na mzizi wake, wakuu, ni uzito. Uzito huu huu wa kwenye mizani yangu. Sisi Waswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa, maana tunasema "fulani ni mtu mzito", "wazito wa mji wamefika", "suala hili lipewe uzito". Hakuna anayedhani mtu mzito ni mnene.

Ukisoma kitabu cha Kutoka ukiwa na mzizi huo mkononi, kinabadilika. Musa anasema ulimi wake ni mzito (4:10). Moyo wa Farao ni mzito (7:14). Mvua ya mawe inayoipiga Misri ni nzito (9:18). Magari ya vita ya Farao yanaingia baharini yakaenda kwa uzito (14:25). Mikono ya Musa vitani na Amaleki inakuwa mizito mpaka Haruni na Huri wanaishikilia (17:12). Wingu la Sinai ni zito (19:16). Yote ni mzizi uleule. Hata ile amri ya kuwaheshimu baba na mama, kwa Kiebrania ni "wape uzito". Halafu sura ya 24, utukufu wa Bwana unakaa juu ya mlima, na kwa macho ya watu walioko chini unaonekana kama moto ulao. Mwandishi ameweka mizani tangu mwanzo wa kitabu: huku Farao na uzito wake wa moyo, huku Mungu na uzito wake. Bahari ikaamua nani mzito.

Basi nilipokuwa nje na mwanangu nilijiuliza: kile kilichoshuka jukwaani kina kilo ngapi? Karibuni tujadili. Matusi hapana.

#2 Hoja Kwanza

Mkuu, lugha nimeipenda, siasa yake bado. Unavyoeleza, Mungu anamzamisha Farao ili "ajipatie utukufu". Maneno hayo yapo, Kutoka 14:4 na 14:17, nimesoma. Sasa tofauti yake na mheshimiwa anayefunga barabara ya Moshi–Arusha saa zima ili msafara wake upite ni ipi? Na Isaya 42:8 anasema kabisa utukufu wake hatampa mwingine. Kiumbe mkubwa kuliko wote ana kiu ya kusifiwa na sisi tunaokimbizana na kodi ya pango? Nijibiwe bila kuambiwa "njia zake hazichunguziki".

#3 Babu wa Old Moshi

Vijana, mimi nilizaliwa Old Moshi, na kila asubuhi nikifungua dirisha naona Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mita 5,895. Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, Zaburi 19, wala hazihitaji umeme.

Niwape kitu. Kwetu jina la Mungu ni Ruwa, na jua nalo linaitwa kwa jina hilohilo au linalokaribiana nalo, inategemea Kichagga cha wapi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Uchaggani mwaka 1893 walikuta jina hilo, na mpaka leo tunaliimba kanisani. Kwa hiyo mtoto wa Kichagga akisoma Ufunuo 21:23, kwamba mji ule hauhitaji jua wala mwezi kwa sababu utukufu wa Mungu huutia nuru, anasikia kitu ambacho Mzungu hasikii: Ruwa hana haja na iruwa.

Na lingine. Mmisionari Rebmann alipoona Kibo tarehe 11 Mei 1848, alimwuliza mwongozaji wake kile cheupe ni nini. Yule mtu hakuwa na jina la theluji. Akasema ni "baridi". Wataalamu wa London walimcheka Rebmann miaka zaidi ya kumi, kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliyeona kaona, na aliyesoma vitabu akabisha.

#4 Mfugaji wa Monduli

Babu, na sisi Wamasai, Enkai ni Mungu, na ni mvua. Ukitaka Zaburi 29 uielewe, kaa Monduli mwezi wa nne, ngurumo zianzie upande wa bonde. "Sauti ya Bwana" imetajwa humo mara saba. Ng'ombe wenyewe wanasimama kimya. Nawasoma.

#5 Mizani ya Mbuyuni

Babu, shikamoo. Hiyo ya Ruwa na iruwa nitaiiba Jumatano.

Hoja Kwanza, umeuliza vizuri, na sitakukimbia. Ninachoomba ni tusimame Kutoka 33, maana ndipo Biblia inapojibu swali lako bila kuulizwa na wewe.

Mazingira: watu wametoka kuchezea ndama wa dhahabu (sura ya 32). Mbao za amri zimevunjwa, Mungu amesema hatakwenda nao njiani maana ataweza kuwaangamiza. Musa anabembeleza. Mwishowe anaomba ombi la ajabu: "Nakusihi unionyeshe utukufu wako" (33:18). Huyu ameshaona kijiti kinachowaka, bahari imegawanyika mbele yake, siku arobaini amekuwa ndani ya wingu. Bado anaona hajauona.

Mungu wako wa msafara na ving'ora angejibu nini? Angeleta radi kubwa kuliko ya kwanza. Jibu lililokuja, aya ya 19: nitapitisha *wema* wangu wote mbele yako, na nitalitangaza jina langu. Musa ameomba utukufu, amejibiwa kwa neno wema. Anafichwa kwenye ufa wa mwamba, na kinachopita mbele yake sura ya 34 ni tangazo: Bwana, Bwana, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira. Na wanaopewa tangazo hilo ni watu ambao majivu ya ndama bado yako matumboni mwao, kwa sababu Musa aliwanywesha.

Huo ndio uzito wake unapofunguliwa. Na Isaya 42:8 uisome mpaka mwisho wa mstari: sitampa mwingine utukufu wangu, wala *sanamu* sifa zangu. Mimi mteja akinipa jiwe lililofinyangwa kama kilo moja, nalikataa, na si kwa wivu. Nikilikubali, kila anayenunua kwangu siku hiyo anaibiwa. Ndiyo maana watu wa vipimo wanakuja kugonga muhuri mizani zetu. Mungu akikubali ndama apewe uzito wa Mungu, watakaolia ni waabudu.

Ila sikatai kwamba habari ya Farao ni ngumu. Waliozama walikuwa na mama zao. Sina neno la kulainisha hapo.

#6 Hoja Kwanza

Mfano wa jiwe la mizani ni mzuri, nimeupokea nusu. Hilo la mwisho limenifanya niendelee kusoma. Endelea.

#7 Kijana wa Sakina

Assalaam aleikum wakuu. Mimi ni Muislamu, nakaa Sakina, Arusha, na nimeingia kwa sababu ya jina la mtaa wetu.

Mnalo neno "Shekina", kuna makanisa na kwaya kibao zenye jina hilo. Kwetu kuna *sakina*, utulivu unaoteremshwa na Mwenyezi Mungu. Sura ya Al-Baqara aya ya 248 inasema lile sanduku la wana wa Israeli ndani yake mna sakina itokayo kwa Mola wenu. Je, ni neno moja? Jina la kituo chetu cha daladala halina utulivu wowote, hasa saa kumi na mbili jioni.

#8 Mizani ya Mbuyuni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mzizi ni mmoja. Na ajabu, kwenye Biblia yenyewe neno "Shekina" halimo. Ni neno la marabi wa baadaye. Kilichomo ni kitenzi cha kukaa, na jina la ile hema, *mishkani*. Sisi tumelipata kupitia Kiarabu: maskani. Maskani hiihii ambapo vijana wanakaa kucheza drafti na kunywa kahawa.

Kwa hiyo Kutoka 40:34, wingu linaifunika hema na utukufu unaijaza maskani mpaka Musa anashindwa kuingia. Kitabu kilichoanza na watu wanaofinyanga matofali ya bwana mwingine kinaisha na Mungu akihamia katikati ya mahema yao, naye akiwa kwenye hema. Yohana 1:14, "naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, nasi tukauona utukufu wake", kwa Kigiriki ni kwamba alipiga hema kwetu. Na Ufunuo 21:3, "Tazama, maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu." Mtafsiri wa Kiswahili hapo alipata zawadi, neno lilikuwa limeshakaa kwetu likimsubiri.

Sasa niende kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ni ya huzuni. Utukufu unapoondoka.

Mara ya kwanza ni 1 Samweli 4. Kuhani Eli ana miaka tisini na minane. Wanawe, Hofni na Finehasi, wana mtindo wao: mtumishi anakuja na uma wa meno matatu, anachota nyama kwenye chungu cha mtu anayetoa sadaka, na mafuta wanayataka kabla hayajateketezwa kwa Mungu, ukikataa wanachukua kwa nguvu. Mungu anamwambia Eli (2:29) kwamba amewaheshimu wanawe kuliko yeye, yaani amewapa *uzito*, na kwamba wananenepa kwa sehemu nzuri za sadaka ya watu. Vita inakuja, sanduku la agano linatekwa, wana wanakufa. Eli anaposikia habari ya sanduku anaanguka kitini, shingo inavunjika, na mwandishi anaongeza sababu: alikuwa mzee, tena *mzito*. Neno lilelile! Uzito wote wa madhabahu uliishia mwilini mwake. Mkwewe anajifungua palepale, anamwita mtoto Ikabodi, utukufu umeondoka. Sura inayofuata, mkono wa Bwana unakuwa *mzito* juu ya watu wa Ashdodi (5:6). Utukufu ulikuwa ugenini kwa Wafilisti, peke yake, bila jeshi na bila kwaya, na sanamu ya Dagoni ikaanguka kifudifudi.

Viongozi wetu wa dini wanaonenepa kwa sadaka wangesoma sura hizo mbili kila robo mwaka. Nasema hivyo nikiwa mweka hazina wa jumuiya, kwa hiyo najisema na mimi.

Mara ya pili ni Ezekieli 10 na 11. Wamejaza hekalu machukizo, na utukufu unaondoka kwa vituo. Unanyanyuka kutoka juu ya kerubi, unasimama kizingitini. Kutoka kizingitini unasimama lango la mashariki. Kutoka langoni unasimama juu ya mlima ulio mashariki mwa mji. Mmeshaona mgeni anavyoaga huku kwetu? Anaaga sebuleni, anasimama mlangoni anaongea tena, anasimama getini anaongea tena, mwenyeji anamsindikiza mpaka barabarani. Mungu aliaga hivyo, kituo kwa kituo, na sura nzima hakuna mtu aliyetoka kumsindikiza. Walikuwa ndani wanaendelea na ibada. Mwaka 586 KK Wababeli wakaliteketeza jengo.

Lakini jiulizeni Ezekieli alikuwa wapi alipouona utukufu huo mara ya kwanza. Hekaluni? Alikuwa Babeli, kando ya mto Kebari, kati ya wakimbizi. Ulikuwa umeshawafuata waliohamishwa wakati waliobaki mjini wanajigamba kwamba wanao.

#9 Pasua Yetu

Hapo kwa mgeni kuaga nimesimama. Naweka kambi.

#10 Mtani wa Kiboriloni

Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Babu wa Old Moshi, tuite Ikabodi au tupande miti kwanza?

#11 Babu wa Old Moshi

Wewe panda miti, jina tutalijadili jioni.

#12 Neema ya Ngarenaro

Mleta uzi, nimekusoma kwa uvumilivu. Nilikuwepo kwenye mkesha huo, naamini ni huohuo. Mna tabia ninyi wa makanisa ya zamani kuwacheka watu wanaoanguka.

Moja. Wingu si kitu cha kubeza. 1 Wafalme 8:10-11, hekalu la Sulemani lilijaa wingu hata makuhani hawakuweza kusimama kuhudumu. Kwa hiyo watu kushindwa kusimama mbele ya utukufu si uzushi wa Arusha. Walawi 9:24, moto ulipotoka watu walipiga kelele wakaanguka kifudifudi. Isaya 6:4, nyumba ilijaa *moshi*. Ni moshi, kaka yangu, imeandikwa.

Mbili. Mimi ni mjane wa miezi minane, tangu msiba sikuwa nimelia. Watu wanadhani nina moyo wa jiwe. Usiku ule, yale mambo ya jukwaani yalipoisha, moshi uliacha kutoka, mpiga kinanda akawa kama amepotea hajui aendelee vipi, tukabaki kimya dakika kadhaa. Hapo ndipo nikalia mpaka nikalala chini. Usiniambie sikukutana na Mungu eti kwa sababu kulikuwa na dumu nje.

#13 Mizani ya Mbuyuni

Dada Neema, pole sana kwa msiba. Nisamehe. Nilikuwa na hasira ya mzazi, na hasira ya mzazi huwa haichagui.

Na kwa maandiko umenishika. Wingu, moto, moshi, vyote vimo. Mungu hajawahi kuona haya kutumia macho na masikio ya watu. Ninachong'ang'ania ni kimoja: kwenye hizo zote hakuna aliyebonyeza. Kutoka 24 Musa alikaa siku sita mlimani wingu limeufunika, ndipo siku ya saba akaitwa. Kama Kibo: unaweza kumleta mgeni kutoka mbali, mlima ukajifunika wiki nzima, na hakuna ofisi ya utalii inayoweza kumrudishia hela. Na wana wa Haruni walipoleta moto wao wenyewe siku ileile ya Walawi 9, sura ya 10 inasema yaliyowapata.

Umenifanya nifikirie hekalu la pili. Waliorudi toka Babeli walijenga upya, wakamaliza mwaka 515 KK. Tafuteni kwenye Ezra 6 siku ya kuweka wakfu: mafahali wapo, kondoo wapo, furaha ipo. Wingu halimo. Wakati nabii Hagai, mwaka 520 KK, alikuwa ameshawaahidi kwamba utukufu wa mwisho wa nyumba hii utakuwa mkuu kuliko ule wa kwanza. Wazee waliokumbuka jengo la Sulemani walikuwa wanaliona jipya kama si kitu. Basi watu walisali kwenye nyumba hiyo miaka mia tano na ushee wakisubiri kitu kijae. Hebu nisaidieni, kilijaa lini?

#14 Mama Kihamba

Mwanangu Mizani, hilo nakujibu mimi, na swali lako la kichwa cha uzi nalo nakujibu.

Luka 2. Mariamu na Yusufu wanamleta mtoto hekaluni siku za utakaso zilipotimia. Walawi 12, mtoto wa kiume, ni siku saba na thelathini na tatu, jumla arobaini. Sadaka yao ni ndege wawili, ile ya mtu asiyeweza kununua mwana-kondoo. Wanaingia lango lilelile na watu wengine, hakuna taa, makuhani wako kazini hata hawageuki. Mzee Simeoni anampokea mikononi, anasema macho yake yameuona wokovu, nuru ya Mataifa, "na kuwa utukufu wa watu wako Israeli".

Mimi nimekuwa muuguzi kliniki ya watoto miaka thelathini na moja. Nimewaning'iniza kwenye mizani wa mgombani, wa mjini, wa Masama, wa Kirua. Mtoto wa siku arobaini mwenye afya, anayenyonya vizuri, ni kilo nne, nne na nusu. Ndizo hizo kilo zako. Mzee mwenye mikono inayotetemeka alizibeba.

Nilipokuwa napima sikuwa nafikiria hivi, nilikuwa nawaza foleni. Leo ndiyo nimekaa nikafikiri.

#15 Pasua Yetu

Mama, shikamoo. Sina la kuongeza.

#16 Mizani ya Mbuyuni

Mama, marahaba zote ni zako. Nimesoma mara tatu hapa dukani, mteja amesimama anasubiri maharage.

#17 Hoja Kwanza

Haya, nimebanwa kidogo. Lakini kilo nne zinakua. Baadaye mwanaume huyo anadai kutukuzwa. Yohana 17:1, "mtukuze Mwanao". Tunarudi palepale pa mheshimiwa?

#18 Mizani ya Mbuyuni

Angalia saa anayosema. Yohana anapenda saa. Sura ya 13, Yuda anakula tonge, anatoka, na Yohana anaandika: nako kulikuwa ni usiku. Mstari unaofuata, Yesu anasema, "Sasa Mwana wa Adamu ametukuzwa." *Sasa*. Wakati mlango bado unacheza nyuma ya msaliti. Sura ya 12 anasema saa imefika atukuzwe, halafu mfano anaoutoa ni chembe ya ngano kuanguka katika nchi na kufa. Mimi muuza nafaka najua: punje ya kwenye gunia ina bei, ya shambani haina bei tena.

Kwa hiyo kwa Yohana kupandishwa msalabani ndiko kutukuzwa. Kigiriki cha utukufu ni *doksa*, neno ambalo mitaani lilimaanisha jinsi watu wanavyokuona, sifa yako mjini. Sifa ya aliyesulubiwa na Warumi ilikuwa sifuri. Paulo, 2 Wakorintho 4:6, anathubutu kusema utukufu wa Mungu unaonekana usoni pa huyo. Musa aliambiwa uso hauonekani mtu akaishi. Uso ukaja ukatemewa mate. Mheshimiwa wa msafara hawezi kupita njia hiyo hata kwa mfano.

Kukubali sikulazimishi. Mungu wa namna hii mimi mwenyewe bado namzoea.

#19 Hoja Kwanza

Sijakubali. Ila "mlango bado unacheza" sitausahau leo.

#20 Fundi Mitambo

Wakuu, mimi ni msomaji tu huku, leo imebidi nijisajili.

Mashine ile nilikuwa naiendesha mimi. Ni kibarua, nakodishwa na mitambo: harusi, matamasha, mikesha, yote sawa. Yale maji ni maji na glaikoli, mtu wa kawaida hayamdhuru ila mwenye pumu yanambana, na hilo nilikuwa silijui vizuri mpaka siku hiyo. Namna yetu ya kazi: mwenzangu yuko mbele, kinanda kikishuka ananimulika kwa tochi mara mbili, nabonyeza.

Nikaona mtu anakimbia na mtoto. Nikaacha mtambo nikafuata na kiti. Yule mtoto alikuwa anaogopa giza la nyuma kule, nikampa tochi yangu ya akiba ashike, nikazima na ile taa kali iliyokuwa inampiga machoni. Niliporudi walikuwa wameshamulika mara nne na moshi haukutoka. Nilikatwa elfu ishirini.

Sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza mtoto anaendeleaje.

#21 Mizani ya Mbuyuni

Ndugu yangu, kumbe ni wewe.

Anaendelea vizuri, yuko darasa la tatu, Jumatatu alicheza mpira mpaka nikamfokea. Tochi yako ipo. Usiku anaiwasha chini ya shuka anasomea, nimemwambia ni ya mtu, anasema mwenyewe hajaidai.

Jumatano saa kumi na moja na nusu tuko jumuiya, tunasoma Kutoka 33 kuanzia mstari wa 12. Ukiwa na kazi upande wa Moshi, nauli ya kutoka Arusha naitoa mimi. Njoo uidai.

#22 Fundi Mitambo

Jumatano nina harusi Usa River, nafunga mitambo saa nane mchana. Nikiwahi kumaliza nakuja. Mwachie tochi, nitakuja na betri.